Gitaa la Teisco kutoka Kaloleni: kulitengeneza na kuliuza

3 Februari 2024: Kulinunua

Lilikuwa chini ya kitanda, Kaloleni, Nairobi, limeviringishwa kwenye shuka na kufungwa kamba ya katani. Mama aliyekuwa akiliuza alihitaji nafasi kuliko pesa. Marehemu mumewe alilipiga kwenye bendi za hotelini zamani, na tangu aondoke hakuna aliyeligusa. "Mwanangu, chukua, lakini usinirudishie," aliniambia. Tukakubaliana shilingi 9,000. Nilikuwa tayari kufika 12,000, na nadhani aliliona hilo usoni mwangu akanihurumia.

Bodi ni ya rangi ya kahawia iliyokolea pembeni na kufifia kuwa njano katikati. Nyuzi zimebaki mbili, zote zimekula kutu. Kuna pikapu mbili (nasema zile zinazonasa mtetemo wa nyuzi, si gari la kubeba kabeji) zenye uso wa karatasi ya dhahabu, na kila moja ina swichi yake ya kubonyeza kama ya taa ya ukutani. Kichwani limeandikwa Teisco. Nyuma, pale shingo inapofungwa kwa skrubu nne, kibati kinasema kwamba shingo imeimarishwa kwa feleji na gitaa limetengenezwa Japani.

Teisco ilianza Tokyo mwaka 1946 na ikanunuliwa na Kawai mwaka 1967. Katika miaka ya 1960 magitaa yake yalimiminika Marekani, mengine yakiuzwa kwa majina ya maduka ya huko. Wakati huo yalikuwa magitaa ya bei nafuu kwa wanaoanza. Leo watu wanayatafuta hasa kwa sababu ya hizo pikapu za dhahabu. Wapigaji wa slaidi, wale wanaotelezesha kibomba cha chuma au kioo juu ya nyuzi, wanazipenda mno. Nia yangu ni kulifanya lilie, kisha niliuze kwa faida.

10 Februari: Kupima kabla ya kugusa

Jambo pekee la busara nililofanya mwezi huu: nilipiga picha kila waya, kila skrubu na kila kona kabla ya kufungua chochote. Picha hizo zimeniokoa mara mbili.

Mita ya umeme ilionyesha ukinzani wa kilo-omu 5.8 kwenye pikapu ya upande wa shingo. Ile ya upande wa daraja (kile chuma cha kwenye bodi kinachobeba nyuzi) haikuonyesha kitu, maana yake waya umekatika mahali. Swichi zinakwaruza na volyumu zinatoa sauti ya kukaanga samaki. Shingo imepinda mbele: nikiweka rula ya chuma juu ya friti (vile vijiti vyembamba vya chuma vilivyokingama shingoni), katikati kuna pengo la milimita 1.5, ilhali gitaa lenye afya huwa na robo milimita hivi. Nikatafuta nati ya kukazia chuma cha ndani ya shingo, kama ilivyo kwenye magitaa ya kisasa. Niliitafuta kichwani, nikafungua shingo nikaitafuta kwenye kisigino, ile ncha inayoingia kwenye bodi. Haipo. Feleji iliyotajwa kwenye kibati imelala tu ndani ya mbao na haikazwi wala kulegezwa.

17 Februari: Pikapu iliyokufa

Waya wa pikapu ni kama unywele, umezungushwa maelfu ya mizunguko kandokando ya sumaku. Kuusokota upya nyumbani ni ndoto. Lakini mara nyingi unakatika nje, pale unapounganishwa na waya mnene unaoelekea kwenye swichi, na ndivyo ilivyokuwa.

Jaribio la kwanza: nilishika ncha, nikaikwangua kwa wembe. Ikakatika. La pili, ikakatika tena. Waya huu umepakwa vanishi ya kuzuia umeme, na usipoiondoa lehemu haishiki. Ukiiondoa kwa nguvu unaondoka na waya wenyewe. Kilichofanya kazi ni kipande cha msasa laini kabisa, nimekikunja kati ya vidole viwili na kuuvuta waya taratibu mara tatu, kisha nikauzamisha katika tone la lehemu ya moto. Nilipoteza mizunguko kadhaa, lakini mita ikasoma 5.4. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Karatasi ya dhahabu ilichanika kidogo pembeni nilipokuwa nikiinua kifuniko. Vile vimeno vya chuma vinavyoishika viinue kimoja baada ya kingine, kidogo kidogo. Mimi nilikuwa na haraka.

24 Februari hadi 2 Machi: Volyumu mbili, wiki nzima

Nilikwenda Luthuli, kwenye maduka ya vifaa vya umeme, nikaomba "volyumu mbili", nikapewa volyumu mbili, shilingi 60 kila moja. Zimeandikwa B10K. Nikazifunga, na zile za zamani nikazitupa kwenye takataka. Tafadhali usiisome sentensi hiyo haraka, tutairudia Julai.

Gitaa likatoa sauti ya mtu anayeimba ndani ya tangi la maji. Hafifu, butu, halina juu. Kwa siku tatu niliilaumu pikapu niliyoilehemu, nikaifungua tena bure. Nilipozirudisha Luthuli, fundi wa kibanda cha jirani akachungulia na kucheka. "Bosi, hizi ni za redio. Gitaa linataka mia mbili hamsini au mia tano."

Sababu ni hii. Pikapu ya gitaa hutoa mkondo dhaifu sana. Ukiupitisha mahali penye kilo-omu 10 tu, sehemu kubwa inavujia kwenye waya wa ardhi kabla ya kufika kwenye amplifaya, na sauti kali za juu ndizo zinazopungua zaidi. Kwenye 250 au 500 mlango wa kuvujia ni mwembamba. Herufi ya mbele nayo ina kazi: A hupandisha sauti kwa mwendo ambao sikio linaupenda, B hupanda moja kwa moja, na ukizungusha kidogo unahisi umemaliza. Nilinunua mbili za A500K kwa 350 kila moja. Gitaa likafunguka kama dirisha.

Swichi sikuzibadilisha. Nilinunua dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme (650, ghali, lakini mkebe mmoja utatosha miaka), nikapuliza, nikabonyeza kila swichi mara hamsini nikitazama taarifa ya habari. Kukwaruza kukaisha. Hapo ndipo nilipojua kwamba volyumu za zamani pia zingepona kwa dawa hiyohiyo. Mbio hadi kwenye pipa: gari la taka lilikuwa limepita asubuhi. Moja ilibaki kwa bahati, ilikuwa imeangukia kwenye kikombe cha skrubu.

9 Machi: Mfupa usiohitajika

Kile kipande cha plastiki kichwani ambacho nyuzi hupita kabla ya vigingi kilikuwa kimepasuka. Nimesoma mahali pengi kwamba mfupa wa ng'ombe ndio bora. Nikaenda soko la Burma, muuza nyama akanipa mfupa wa paja bure, akidhani nina mbwa. Niliuchemsha, nikauanika wiki, nikaukata kwa msumeno wa chuma, nikausugua. Vumbi la mfupa linanuka kama jino linalotobolewa.

Baada ya siku mbili za kuchonga vijia sita kwa uangalifu wa sonara, nikaona kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu tangu Februari: baada tu ya kile kipande kuna friti ya ziada. Gitaa hili lina friti sifuri. Uzi ulioachwa wazi hulia juu ya friti hiyo, na kipande cha nyuma yake kazi yake ni kupanga nafasi za nyuzi tu. Ningeweza kutumia plastiki ya kifuniko cha ndoo, sauti ikawa ileile.

Mfupa niliuacha. Unapendeza.

Friti sifuri yenyewe ilikuwa na mitaro ya nyuzi za zamani. Niliisawazisha pamoja na nyingine kwa tupa laini (400), nikafunga kila kitu kwa utepe wa karatasi ili nisikwaruze ubao. Kazi ya jioni moja, haina hadithi.

23 Machi hadi 7 Aprili: Shingo na pasi ya nguo

Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa mwingine aisome kabla hajaanza.

Shingo isiyokuwa na nati ya kukaza inaweza kunyooshwa kwa joto. Gundi iliyoshika ubao wa friti hulegea ikipata moto, mbao inasogea, gundi inapoa ikiwa katika umbo jipya. Nilinunua majiliwa matatu Kamukunji, 450 kila moja. Nikachukua bomba la mraba la chuma, nikaweka vijiti viwili vya mbao kwenye ncha mbili za shingo, nikakaza jiliwa la katikati ili shingo irudi nyuma na kupita kidogo ule mstari ulionyooka. Kisha pasi juu ya friti, na kitambaa cha pamba katikati.

Kosa: niliweka pasi kwenye moto wa kupigia suruali za kitani, nikaiacha dakika kumi mahali pamoja nikaenda kupokea simu. Niliporudi, doa mojawapo la plastiki lililopambwa kwenye ubao lilikuwa limevimba kama lengelenge, na mwisho wa ubao ulikuwa umebanduka kwa sentimita nne hivi.

Kurekebisha: bomba la sindano kutoka duka la dawa (20), gundi nyeupe ya mbao niliyoilainisha kwa maji kidogo sana, nikaisukuma ndani ya ufa hadi ikachuruzika pande zote, nikafuta, nikakaza majiliwa usiku kucha. Ilishika. Doa lililovimba nililisugua hadi likalingana na ubao, ukilitafuta utaliona.

Mara ya pili nilitumia moto wa nguo za hariri, nikitembeza pasi bila kusimama kwa dakika arobaini, mkono ukafa ganzi. Niliiacha shingo ndani ya majiliwa siku mbili nzima. Pengo likawa nusu milimita. Baada ya wiki lilirudi hadi 0.7 na kutulia hapo. Sikujaribu mara ya tatu. Mbao ya miaka hamsini na kitu ina haki ya kukataa.

Nyuzi bado zilikuwa juu: milimita 3.5 pale friti ya 12. Dawa yake ni kuinamisha shingo nyuma kwa kuweka kitu chembamba kwenye mfuko inamokaa. Nilikata kadi ya muda wa maongezi iliyokwisha kukwanguliwa, nikaiweka. Nyuzi zikapanda zaidi! Nilikuwa nimeiweka upande wa kichwa. Inatakiwa upande wa daraja, ili kisigino kiinuke na kichwa kirudi nyuma. Nilipoigeuza nikapata milimita 2. Ila nyuzi mpya nilizifungua na kuzifunga mara nyingi mno hadi mmoja ukakatika, nikanunua seti ya pili. Seti mbili za unene wa nambari 10, jumla 2,400.

20 Aprili: Msasa

Mvua. Hakuna wateja wa kitu chochote na mimi sina subira. Rafiki yangu wa gereji alisema, "Tulipige rangi upya, liwake kama matatu mpya." Nikaona ni sawa. Nikaanza na mgongo, msasa mkavu, duara la ukubwa wa kiganja.

Jioni nikaingia mitandaoni kutazama bei za magitaa ya aina hii ng'ambo, jambo ambalo ningelifanya Januari. Kila tangazo la bei nzuri lilisema rangi ni ya kiwandani. Yaliyopakwa upya yalikuwa chini, mengine chini sana. Mikwaruzo yote ya mumewe yule mama ilikuwa mali, nami nilikuwa nimeanza kuifuta. Niliacha palepale. Duara bado lipo.

18 Mei: Tangazo la kwanza

Niliandika hivi: "Gitaa la kale, Teisco 1964, limetengenezwa, kama jipya. Shilingi 65,000." Katika maneno hayo machache kuna matatizo matatu, na wateja waliyaona yote.

"Umejuaje ni 1964?" aliuliza mmoja. Sikuwa na jibu. Niliona picha ya linalofanana. Nikabadilisha kuwa "miaka ya 1960", ndicho ninachoweza kukisimamia.

"Kama jipya? Basi nanunua jipya." Huyo naye alikuwa na haki. Gitaa jipya la Kichina pamoja na amplifaya ndogo hupati shida kulipata hapa mjini kwa chini ya nusu ya bei yangu.

Wengine: 12,000. 10,000. Simu mbili zenye vioo vilivyopasuka.

Kisha akaja mmoja aliyekubali 60,000 bila kubishana, na hapo ndipo ningeshtuka, maana Nairobi asiyebishana bei hana nia ya kulipa. Akatuma boda kulichukua. Ujumbe wa M-Pesa ukaingia, jina lake, kiasi kamili, herufi zote mahali pake. Lakini ulitoka kwenye namba ya kawaida ya simu. Niliangalia salio: lilelile la asubuhi. Mwendesha boda hakujua lolote, maskini. Nilimpa mia moja ya mafuta akaondoka bila mzigo. Tazama salio, usitazame ujumbe.

Kutoka Berlin kulikuwa na mtu wa kweli. Aliziona pikapu, akazitaka, akauliza swali moja: ubao wa friti ni wa mti gani? Miti ya jenasi ya Dalbergia, ambayo mpingo wetu nao umo, iliwekwa yote chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 2017. Mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika zikalegezewa masharti, isipokuwa zenye Dalbergia nigra ya Brazil, ambayo iko kwenye orodha kali kuliko zote tangu 1992. Ubao wangu ni wa kahawia iliyoiva, na zaidi ya hapo singeweza kuthibitisha kitu mbele ya ofisa wa forodha. Ukijumlisha usafirishaji, tuliagana kwa heshima.

15 Juni: Mvumo

Mpigaji mmoja alikuja hadi kwangu Umoja, kijana mtaratibu, akachomeka, na amplifaya ikavuma: mmmmmm. Akishika nyuzi, unapungua kidogo. Akagusa jeki, lile tundu la kuchomekea waya, akavuta mkono. "Kaka, linapiga shoti." Akanywa chai, akaondoka.

Nilifungua gitaa lote tena. Waya wa ardhi kwenye daraja uko. Jeki mpya (150) niliibadilisha hata hivyo. Mvumo uleule. Siku ya tatu nikapeleka mita kwenye soketi ya ukutani: kati ya tundu lenye moto na tundu la ardhi, mahali ambapo ningepata karibu volti 240, namba ilikuwa ikitangatanga kwenye sabini. Fundi wa stima akafungua soketi. Waya wa kijani ulikuwa umekunjwa nyuma ya ukuta, haujafungwa popote, tangu nyumba ijengwe. Nililipa 500 akaufunga kwenye ardhi ya kweli. Mvumo mwembamba uliobaki ni wa pikapu za aina hii, hauna dawa.

Mara ya pili nilimpigia yule kijana simu, tukapanga Jumanne tarehe 25. Siku hiyo katikati ya mji kulikuwa na maandamano na kila mtu alikaa alipokuwa. Hakupatikana tena, nasikia alinunua la Kichina.

6 Julai: Tangazo la pili

Bei 35,000. Safari hii nilianza na ubovu. Rangi imesuguliwa mgongoni, picha hii hapa. Doa moja limevimba. Karatasi ya pikapu imechanika. Volyumu si za kiwandani, moja ya zamani ipo. Ubao uliwahi kubanduka ukagundishwa. Shingo haikazwi, pengo ni 0.7. Mwaka haujulikani. Nikaendelea hadi ubovu wa kumi na moja. Nikaweka na video ya dakika mbili, nimekaa karibu na dirisha, napiga pikapu moja moja kisha zote.

Ndani ya siku mbili nilipata simu sita, na hakuna aliyesema 10,000.

13 Julai: Mauzo

Mnunuzi ni mtu mzima, hupiga kanisani Jumapili na benga siku nyingine. Alikuja na amplifaya yake, akaniomba kwanza mita, akapima soketi yangu! Kisha akapiga nusu saa bila kusema neno. Kidole gumba chini, uzi wa kwanza juu ukikimbia na kurudiarudia jinsi nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, inavyofanya, na zile pikapu zikawa zinatema kila noti peke yake. Nimekaa na gitaa hili miezi mitano na sikuwa nimelisikia.

"Volyumu za zamani umesema ipo moja. Ya pili?"

"Ilikwenda na takataka, mzee."

Akanitazama kama niliyetupa mtoto. Akaondoa 2,000 kwa ajili ya hiyo na 2,000 kwa ajili ya mgongo. Sikubisha. 31,000, salio limeonekana, na mkoba nimempa.

Gharama zote: gitaa 9,000, nyuzi 2,400, volyumu mbovu 120, volyumu sahihi 700, vifaa vya kulehemu 250, jeki 150, gundi 180, sindano 20, majiliwa 1,350, msasa 100, dawa ya kupuliza 650, tupa 400, fundi wa stima 500, mkoba 1,800, matatu na boda 1,400. Jumla 19,020. Imebaki 11,980, na majiliwa na mkebe wa dawa bado ni vyangu. Saa sikuzihesabu, kwa makusudi.

20 Julai

Mnunuzi amepiga simu. Amefungua shingo kuisafisha, amekuta kadi ya muda wa maongezi ndani, na anataka kujua kama ilitoka nalo Japani. Nilikuwa nimeisahau kabisa kwenye orodha. Nimeiongeza sasa, ya kumi na mbili.